Regyuleta ya Mkwe

Mtoni kwa Azizi Ali,
11 Februari 2024

Kaka Kondo,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba kwa haki ya marehemu mama: isome barua hii ukiwa peke yako, na ukimaliza usimtolee mtu neno lake hata moja. Usimwambie wifi. Hasa wifi. Najua utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi kama tuko shule ya bweni. Ukienda kazini simu yako inabaki na Mwanaasha, ujumbe wako wote yeye ndiye anayeufungua kwanza, na hili ninalotaka kusema linamhusu baba yake, mjomba wetu. Kwa hiyo nimekwenda mpaka stendi ya Mbezi Luis nikampa barua kondakta wa basi la Tanga. Juu ya bahasha nimeandika jina la Didas mwenzako, maana uliwahi kusema yeye ndiye anayepokea mizigo ya vifaa.

Huku sote wazima. Mjomba Mbwana anakusalimu, na anamuulizia Munira kama ameanza kutambaa. Paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Kazini, Bwana Elibariki meneja wetu amenihamishia meza karibu na mlango wa karakana, basi kutwa nachapa barua za ofisi huku namsikia mjomba akiimba kaswida zake kwenye vifaa vya wazamiaji.

Kaka, ni regyuleta yako, hicho kifaa unachopumulia majini. Mjomba aliifanyia sevisi, na mie mwenyewe ndiye niliyeifunga kwenye boksi, kwa hiyo sasa unayo. Siku aliyoimaliza niliingia kumwita chakula. Alikuwa ameifunga kwenye mtungi na kuiwekea geji, kama anavyofanya siku zote: mshale unatakiwa upande, ufike mahali pake, usimame. Ulifika mahali pake. Haukusimama. Ulikuwa unasogea kidogokidogo, kama mtu anayenyata. Mjomba alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kugusa kioo, akaniambia, "Umeona ilivyotulia?" Nikamjibu, ndiyo mjomba.

Siku hizi ananiomba nimsomee karatasi za viwandani. Anasema wenye viwanda wamebana wino. Chai anaimimina kwa kusikiliza. Zaidi ya hapo sisemi, wewe ni mtu mzima.

Ninachokuomba ni kimoja. Usizame nayo kabla hujaijaribu. Ifunge kwenye mtungi, fungua hewa, usiiguse, nenda kanywe chai, kisha urudi uisikilize. Ikiwa imeanza kufoka yenyewe, irudishe. Andika kwamba imegongwa kwenye buti la basi. Boksi nitalipokea mimi na hatajua.

Mdogo wako,
Zuena


Tanga,
3 Machi 2024

Mdogo wangu Zuena,

Waaleykum salaam, marahaba. Barua yako Didas kanikabidhi mbele za watu, akauliza nimeshtakiwa na nani hata niandikiwe kwa kalamu. Nikamwambia ni mchumba. Sasa gati zima linajua naoa mke wa pili, na likimfikia wifi yako utakuja kunizika mwenyewe.

Mwanaasha hajambo. Munira ameota meno mawili na anauma kila kinachopita, pamoja na babaye. Joto la huku usiulize.

Haya, hilo lako. Barua ilifika nimeshaifunga regyuleta kwenye mtungi. Sie hapa tuna utaratibu wetu: kifaa kikitoka sevisi kinafunguliwa hewa gatini, kikosi chote kinatega sikio. Ikakaa kimya vizuri tu. Tukaanza mazungumzo ya mpira, mara ikaanza, sss. Unamjua Didas, Mchaga yule hana haya. Akasema, "Kondo, mkweo bado anakudai mahari." Watu wakaanguka. Mwingine akadai nimetumiwa nyoka kwenye boksi. Nilicheka nao, ningefanyaje? Lakini Zuena, kicheko kile kilinikwama.

Mjomba kwangu si fundi tu. Baba alipofariki nani alitubeba kutoka Tandale na godoro letu kichwani? Nani alinifundisha kupumua chini ya maji, ananishika mkono kama mtoto anayejifunza kutembea? Halafu akanipa binti yake na hakuniuliza nina nini. Mjomba amekuwa mkwe, na mkwe hapimwi mbele za watu. Nimrudishie kifaa na karatasi ya kumwambia umekosea? Na Mwanaasha akiniuliza namrudishia baba yake boksi gani, nimjibu nini? Huo uongo wako wa buti la basi mzee hawezi kuumeza. Tangu ujana wake anapokea vifaa kwa basi.

Nimeimaliza mwenyewe. Sasa iko kimya. Alhamisi nimezama nayo kwenye nguzo za gati, nikarudi salama. Pumzi inataka kuvutwa kwa nguvu kidogo kuliko zamani, basi. Macho ya wazee ndivyo yalivyo, wewe mfanye asijione mpweke.

Kaka yako,
Kondo


Mtoni kwa Azizi Ali,
10 Machi 2024

Kaka Kondo,

Shikamoo. Tunaungojea mwezi. Mjomba ameshanunua tende, na amenituma niwaulize mnafuturu vipi na kazi ya majini. Paa bado.

Umeimaliza vipi? Mbona hukuandika? Naogopa kuuliza kwa kuwa nadhani najua. Nadhani umekaza skrubu ya kile kipande cha mdomoni mpaka kikanyamaza. Kama sivyo, nisamehe na uendelee kunicheka. Kama ndivyo, kaka, tafadhali usizame tena.

Mimi si fundi. Lakini zile karatasi ninazomsomea mjomba nazielewa, na hili limeandikwa waziwazi. Kosa haliko mdomoni. Liko juu, kwenye kichwa kinachokaa kwenye mtungi. Humo ndani kuna kizibo kidogo kuliko kifungo cha shati, ndicho kinachoizuia hewa ya mtungi isiingie yote kwenye mpira unaoileta mdomoni. Kisipoziba sawasawa, hewa inaendelea kupenya, na inazidi kujaa kwenye mpira. Kipande cha mdomoni kilipofoka kilikuwa kinakusaidia. Kilikuwa kinaitoa ile iliyozidi. Ukikikaza, hewa haina pa kutokea. Umemziba mtoto mdomo ili majirani wasisikie analia, lakini bado anaumwa.

Juzi mjomba alimsalimia Bwana Elibariki kwa jina la mlinzi. Bwana Elibariki alidhani ni mzaha, akacheka sana. Mjomba naye akacheka, akachelewa kidogo kuliko mtu aliyefanya mzaha kweli. Nafikiri ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hospitali wanautoa kila siku. Nimejaribu kumwambia. Jana nilikaa naye ukumbini nikiwa nimeyapanga maneno yote, akaniwekea kipande kikubwa cha samaki kwenye sahani yangu, akasema msomi ale. Sikuweza. Kazi hii niliyo nayo yeye ndiye aliyeniombea. Bwana Elibariki akijua, mjomba atatolewa karakanani kesho yake, na mjomba ni mtu ambaye hata Jumapili anakwenda kukagua kama amefunga mitungi.

Irudishe, kaka. Mwambie Didas aniletee kwa jina langu. Nitatafuta fundi mwingine kimyakimya.

Zuena


Mtoni kwa Azizi Ali,
14 Aprili 2024

Kaka Kondo,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Hujanijibu. Sikukuu wifi alimpigia mjomba akasema uliteleza kwenye ngazi ya gati ukaumia mgongo, umelala. Nikaomba nikusalimie, akasema umepitiwa na usingizi. Mjomba amekuombea dua baada ya kila swala, na anamwambia kila anayekuja kutusalimia kwamba ngazi za gati zina ukungu.

Ngazi ipi, kaka? Zamani ulikuwa unazishuka ngazi hizo huku umebeba mtungi begani na unapiga mluzi.

Niandikie hata mstari mmoja. Kama huwezi, mwambie Didas aandike.

Zuena


Tanga,
5 Mei 2024

Mdogo wangu Zuena,

Salaam. Usishangae mwandiko, naandika nimelala ubavu. Barua zako mbili Didas alizifungia kwenye sanduku lake la spana mpaka nilipoweza kukaa. Anasema hakuzifungua, na namwamini, maana angezifungua ningeshataniwa kwa jambo lililomo.

Munira anatambaa sasa. Anatambaa mpaka kitandani kwangu, anauvuta mguu wangu wa kushoto, anangoja niupige teke kama zamani. Mguu huo unasikia baridi na unasikia moto, lakini hausikii amri.

Ulikisia sawa. Niliikaza skrubu. Kila ilipoanza tena kufoka nikaikaza tena kidogo, kabla wenzangu hawajafika, ili asubuhi ikifunguliwa iwe kimya na asitajwe mtu. Ile barua yako ya Machi ilinikuta nimeshaumia. Sisemi ningeitii. Pengine ningeitii.

Tulikuwa tunasafisha tumbo la meli, na nilikuwa nimeshashinda chini muda mrefu. Nikasikia kishindo karibu na sikio, mpira umepasuka. Mtungi ukaanza kujimwaga wote, mapovu kila upande, sioni hata mkono wangu. Na juu yangu si maji, ni chuma. Ikabidi nitoke kwanza chini ya meli ndipo nipande. Mjomba alinifundisha nisipande haraka kuliko mapovu yangu. Zuena, nilipanda nikayaacha mapovu nyuma. Didas ndiye aliyenivuta botini, na alikuwa ananitania mpaka alipoona sisimami. Daktari anasema hewa iligeuka mapovu ndani ya damu, mengine yakakaa kwenye uti wa mgongo. Mguu unaweza kurudi. Majini hataki kusikia nirudi.

Mwanaasha anajua niliteleza ngazini. Mwache ajue ngazi.

Sasa nisikilize. Ofisi ya huku imeifunga ile regyuleta kwenye boksi, inakuja kwenu itafutwe sababu. Mjomba ataifungua. Nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba. Boksi litapita mezani kwako kwanza. Kitoe hicho kizibo ulichokisema, weka kipya, vimejaa kwenye droo yake. Skrubu iache ilivyo. Waseme mzamiaji alichezea kifaa, maana ni kweli nilichezea. Mimi ya kwangu yameshaisha, hata nikilaumiwa nimelala hapahapa. Mzee asife na neno kwamba ndiye aliyemfanya mume wa mwanawe kiwete.

Barua hizi zichome.

Kondo


Mtoni kwa Azizi Ali,
2 Juni 2024

Kaka yangu Kondo,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nimeanza na habari za paa. Paa limezibwa. Mambo mengine hayakwenda kama ulivyotaka, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Boksi lilifika Jumatatu. Bwana Elibariki aliliweka mezani kwangu, akasema Mzee Mbwana akimaliza vifaa vya mkononi alifungue, nami nichape ripoti. Mjomba alikuwa amekwenda msikitini. Nilifungua droo yake, nikachukua kizibo kipya, nikawa nacho kiganjani. Naapa nilikusudia kufanya ulichosema. Nikaingia karakanani, nikasimama kwenye benchi lake. Mbele yangu, ukutani, zilikuwa zimening'inia regyuleta nyingine zinazongoja sevisi, kila moja na kibandiko cha jina la mwenyewe. Mwandiko wa vibandiko ni wangu. Watu hao siwajui, ila najua mke wa mmoja wao, aliwahi kuja ofisini na mtoto mgongoni kumtafuta mumewe. Nikakirudisha kizibo drooni. Kama ni kosa, ni langu, usimlaumu mwingine.

Mjomba aliporudi nilimsomea karatasi ya ofisi ya Tanga, kwamba uliumia chini ya meli, si ngazini kama alivyoambiwa; ndipo akaifungua. Mpira uliopasuka aliupapasa akaguna. Akashika kipande cha mdomoni, akailegeza skrubu huku anahesabu mizunguko midomoni, akaacha. Akasema, "Hii mimi sikuiacha hivi." Bwana Elibariki alikuwa amesimama mlangoni, akafurahi. Akaniambia basi mwenyewe ndiye aliyejiharibia, chapa hivyo, tumalize. Nikashika kalamu. Kaka, lilikuwa lile ulilolitaka, na lilikuja bila mimi kufanya lolote. Ningenyamaza tu.

Mjomba ndiye aliyekataa. Alimwambia meneja kwamba Kondo ni mwanafunzi wake, na hawezi kukaza skrubu bila sababu. Akasema Kondo alikuwa ananyamazisha kitu. Akakifungua kichwa cha juu. Akakitoa kile kizibo, akakipitisha ukucha kama anavyofanyaga, akakipitisha tena. Akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akakisogeza jichoni, akakirudisha nyuma, akakisogeza tena. Meneja naye anamtazama. Halafu akageuka akanitia kile kizibo mkononi, pamoja na ile lenzi yake ya kukuzia.

"Zuena, wewe una macho. Niambie."

Nikamwambia kuna mkwaruzo, mjomba, umetoka katikati mpaka ukingoni. Nadhani ni ncha ya chuma wakati wa kukipachika.

"Mkubwa?"

Lenzi nilikuwa sijaiinua. Nikasema, "Nauona bila lenzi, mjomba."

Akakaa chini. Kisha akamwambia Bwana Elibariki aandike kosa la fundi kwanza, la mzamiaji lifuate, na zile zote za ukutani zipelekwe kwa mtu mwingine, hata zile alizozimaliza mwezi huu ziitwe zirudi. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza vipuri. Bwana Elibariki, ambaye nilimwogopa mwaka mzima, alivuta kiti akakaa karibu naye, akamwita baba.

Nyumbani hakula. Aliniuliza kama ulijua. Nikaanza kuondoa vyombo, na najua hilo lilikuwa jibu. Akaniuliza kama nami nilijua. Nikasema ndiyo, tangu siku ya geji. Nikangoja anifukuze. Akasema tu, "Mmeniheshimu sana, wanangu." Kisha baadaye, akiwa ameshanipa mgongo, akasema, "Angenitupia mezani. Angesema mjomba umeharibu. Ningekasirika siku mbili."

Tangu hapo nimekuwa nikifikiria. Nilikwenda mpaka Mbezi Luis, na bahasha, na jina la mtu mwingine, kukupelekea Tanga neno ambalo mwenyewe, mjomba, alikuwa amekaa nami chumba kimoja akinitengea samaki. Nawe uliamka mapema kila siku kuificha aibu yake, aibu ambayo yeye alikuwa tayari kuibeba kwa siku mbili. Mguu wako umekwenda hapo katikati. Sijui nimlilie nani kwanza.

Wiki iliyopita nilimpeleka hospitali ya Mwananyamala. Daktari amesema ni mtoto wa jicho kweli, macho yote mawili, na jicho la kulia watalifanyia upasuaji mwezi huu. Mjomba aliuliza kama angekuja mwaka jana ingekuwaje. Daktari, ambaye hajui chochote, alimjibu kwa furaha kwamba ingekuwa vilevile, upasuaji mdogo, siku hiyohiyo unarudi nyumbani. Nilitamani asingemjibu.

Anataka kuja Tanga. Anasema atamwambia Mwanaasha mwenyewe, kwa mdomo wake, na kwamba wewe usimtangulie. Nimemwomba angoje jicho lipone ili akifika akuone. Amekubali hilo tu.

Sijazichoma barua. Nimemsomea zako zote, na niliyokuandikia mimi nimemsimulia, kwa kuwa aliomba, na ile ya nyoka kwenye boksi alicheka.

Ukitaka kunijibu, usipige namba ya ofisi. Andika. Mpe Didas aikabidhi basi la asubuhi, na juu ya bahasha uandike jina la Mbwana, si langu. Nitakuwa stendi ya Mbezi Luis Jumapili, upande wanaopakulia mizigo ya Tanga, na kama haikuja nitarudi Jumapili inayofuata. Nikifika nayo nyumbani nitamsomea neno kwa neno, sitaruka kitu. Basi chochote ulicho nacho kwa mzee, kiandike ukijua amekaa mbele yangu anasikiliza.

Mdogo wako,
Zuena